Kadi Niliyoisoma Mwenyewe

Nilifika darasa la nne. Kwa umri wangu, na kwa sisi wafugaji, huo ni usomi, na nimeutumia maisha yangu yote. Barua za posa zikija kijijini zinaletwa kwangu kwanza, nazisoma kwa sauti uani, wanawake wananyamaza kunisikiliza. Maandishi ya kwenye chupa ya dawa ya kupe nasoma mimi, mume wangu anachanganya. Nilipenda sana ule ukimya wa watu wakati nasoma. Nasema hili mapema mjue anayewaandikia ni mtu wa namna gani, maana kilichomuua binti yangu kilipita kinywani mwangu. Nilikisoma vizuri, herufi zote, sikukosea hata moja.

Siku moja gari la matangazo lilipita huku kwetu Kasansa likisema akina mama waje zahanati wapimwe saratani ya mlango wa kizazi, bure, wauguzi wametoka mjini. Wanawake wakaingiwa na woga. Mmoja akasema wanaingiza chuma, mwingine akasema wanang'oa kizazi na kuondoka nacho. Mimi nikawacheka. Nimezaa tisa, wakabaki sita. Chuma gani tena kitanitisha?

Nikampitia binti yangu wa tatu, aliyeolewa nyumba ya nne kutoka kwangu. Alikuwa na watoto wanne na mwili wa kazi, anabeba gunia la mpunga kichwani huku anagombana na mtu njiani. Hakutaka kwenda.

"Mayu, mimi siumwi," akasema. Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu.

"Ndiyo maana unakwenda. Anayeumwa haendi kupimwa, anakwenda kutibiwa."

Maneno hayo niliyasema mimi. Yalikuwa ya kweli kabisa, na sijui yalinitoka wapi, maana mwenyewe sikuyasikia.

Nesi alikuwa binti mdogo, mweupe wa meno, Kiswahili chake cha mbio. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia. Akasema umri wangu umepita kidogo ule wanaoutafuta, ila kwa kuwa nimekuja atanipima.

"Panda kitandani, bibi. Ulegeze."

"Nilegeze nini?"

"Mapaja, bibi yangu. Ukikaza utaumia bure."

Chuma chenyewe kina mdomo kama wa bata, na kina baridi. Hakiumi. Aibu ndiyo inauma. Akasema anapaka siki, yale maji makali ya kwenye achari, halafu anasubiri kidogo aone kama nyama ya pale mlangoni itageuka rangi. Hayo niliyasikia. Alichosema baadaye, ikigeuka maana yake nini na isipogeuka maana yake nini, nadhani alikisema. Mimi nilikuwa nimefumba macho, mguu huku mguu kule, mtoto wa rika la wajukuu zangu ananichungulia nilikotolea watoto. Na masikio nayo yalikuwa yamefumba.

Tulitoka nje, kila mtu na kadi yake. Benchi zima likanigeukia mimi, msomaji. Nikaanza na yangu.

"Hasi," nikasoma.

"Hasi ni nini?"

"Nyie mnaofuga mnaniuliza mimi hasi? Dume likibanwa likawa maksai, limefanywa nini?"

"Limehasiwa!"

"Basi na mimi nimehasiwa. Kazi imekwisha."

Walicheka, mmoja akashika ukuta. Akatokea wa kusema, "Mzee wako akisikia ataongeza mke," nikamjibu aongeze, nitapata wa kunichotea maji.

Halafu nikachukua kadi ya binti yangu. Yake ilisema chanya. Neno hilo silijui kwa ng'ombe, nalijua kwa redio. Kila asubuhi redio inatuambia tuwe na mtazamo chanya, tuwe na fikra chanya. Chanya ni jema. Nikatangaza, "Chanya!" na mwenyewe nikapiga kigelegele, wakaitikia. Chini ya neno hilo nesi alikuwa ameandika kwa mkono: arudi Alhamisi, tiba mgando.

Sasa kwetu mgando ni maziwa. Ni maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu mpaka yakashikana. Mgando mwingine sisi hatuujui. Na kliniki ya watoto iliwahi kugawa unga wa lishe, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa nilipowaeleza kwamba waliofaulu wataitwa Alhamisi wapewe maziwa ya kujenga mwili.

Binti yangu hakuridhika. "Mayu, yule nesi ameniambia maneno mengi mle ndani. Anasema mtungi wa gesi umeisha, wa kugandishia, unaletwa Alhamisi. Sijamwelewa. Ngoja nirudi nikamuulize."

"Gesi ya kupoozea maziwa hiyo. Unakwenda kuuliza nini, na kadi nimeshaisoma?"

Akatazama mlango wa zahanati. Kulikuwa na mwanamke mwingine ndani. Akatazama watu waliokuwa bado wanacheka pale benchi. Akaja tukaondoka.

Alhamisi asubuhi alifika kwangu amejifunga kanga safi, mtoto wa mwisho mgongoni. Nilikuwa nakamua.

"Unakwenda wapi umependeza hivyo?"

"Si zahanati? Leo Alhamisi."

Hapo ndipo kiburi changu kilipopanda kama mchwa ukutani. Zizi limejaa, vibuyu vimening'inia mpaka nje, na mtoto wangu akapange foleni mbele ya watu kwa kikombe cha mgando? Nikamwambia watu watasema tumefilisika. Nikamwambia awaachie wasio na ng'ombe. Nikamjazia kata ya maziwa, akanywa amesimama, akavua ile kanga safi akaiweka kwenye kamba, tukashuka majarubani kupandikiza mpunga. Tulifanya kazi nzuri sana siku hiyo. Nakumbuka niliimba.

Aliyekwenda ni jirani yetu mmoja, Mpimbwe wa kabila la wenyeji wa huku, mjane asiye na hata mbuzi. Naye kadi yake ilisema chanya, naye nilimsomea mimi. Akaenda na kidumu cha kutilia maziwa. Saa nane mchana tukamwona anarudi taratibu, kidumu kitupu.

"Maziwa yako wapi?" nikamwita toka jarubani.

"Maziwa gani! Wamenigandisha huku chini kama samaki wa kwenye friji! Baridi mpaka kwenye meno!"

Tulicheka tukakaa kwenye tope. Akaendelea, na kidumu kinacheza mkononi: "Na wameniambia mwezi mzima nisilale na mwanaume. Mwanaume mwenyewe nimemzika, watamtoa wapi?"

Binti yangu hakucheka. Alibaki ameinama, miche mkononi. Jirani alipopita akaniambia kwa sauti ya chini, "Mayu, na yule kadi yake ni chanya kama yangu."

Hapa ndipo ninapokwama kila nikikumbuka. Mpaka asubuhi ile naweza kusema nilikosa kuelewa. Hapa sikukosa. Kitu kilinigusa, kama mtu anavyokugusa bega kwa nyuma. Lakini nilikuwa nimeshawasomea watu wazima benchi zima, nimeshaeleza, nimeshapigiwa vigelegele. Nikasema, "Yule alikuwa na lake la siku nyingi. Wewe una watoto wanne, mwili mzima, nani kakwambia unaumwa?" Akachomeka mche kwenye tope. Kesho yake Ijumaa gari la wauguzi likaondoka.

Mwaka wa nne baada ya hapo alianza kutoka damu. Alinificha. Nilijua kwa kamba ya nguo: vitambaa vilikuwa vingi mno, na havikuwa vya mtoto. Nikamuuliza, akasema ni siku zake zimeyumba. Halafu ikaja harufu. Nitaisema, maana watu wanaizunguka: ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa. Mumewe akahamia chumba cha vijana. Mgongo ukawa unamuuma, akawa anapepeta mchele ameegemea ukuta. Mitishamba nilimpa mimi, wiki tatu. Na hizo wiki tatu nazihesabu kwenye makosa yangu.

Tukasafiri mpaka Mpanda, tukafikia kwa mdogo wangu anayekaa Ilembo. Hospitali tulipokelewa na daktari mwanamke, mtu mzima, mpole. Alimpima, akatoka anavua glavu polepole, akaniuliza mimi kwa kuwa binti yangu alikuwa bado anavaa nyuma ya pazia.

"Mama, huyu amewahi kupimwa mlango wa kizazi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo. Nikafungua fundo la kanga, nikaitoa ile kadi kwenye mfuko wa nailoni nilimoitunza, haina hata doa.

"Amepimwa, daktari. Alitoka chanya."

Nilisema kwa nguvu, na waliokaa mlangoni wasikie.

Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Nani aliwasomea hii kadi?"

"Mimi."

"Na mgando alipata?"

"Maziwa yapo nyumbani, daktari. Hatuna shida ya maziwa."

Hakucheka. Ningempa ng'ombe kama angecheka. Aliweka kalamu chini, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akanieleza kama mtu anayemweleza mama yake. Akasema, "Mama, sisi tukipima tunatafuta ubaya. Tukiukosa tunaandika hasi. Tukiuona tunaandika chanya. Chanya maana yake tulichokuwa tunakitafuta kipo."

Nilielewa mara moja. Ni kama kumulika zizini ukitafuta fisi. Aliye nje akakuuliza, ukajibu "yupo," hapo hakuna wa kupiga kigelegele.

Akasema siku ile haikuwa saratani, ilikuwa dalili tu ya njia ya kuelekea huko, nyama imegeuka nyeupe kwa siki, na wengine hata wasipotibiwa haifiki huko. Ila hakuna ajuaye ya nani itafika, ndiyo maana wanaigandisha wote, kwa baridi kali, ife ile nyama mbovu na nzima iote. Ndiyo tiba mgando. Mtu anaingia kwa miguu yake anatoka kwa miguu yake.

"Inachukua muda gani?" nikauliza.

"Mama, tusiende huko."

"Niambie."

"Robo saa," akasema. "Pengine isifike."

Nikauliza na yangu, ile hasi. Akasema hasi ilikuwa habari njema, nilikuwa mzima. Mimi kizee niliyekwisha kazi yangu nilikuwa mzima, na nilirudi nyumbani nikijiita maksai. Pazia likavutwa. Binti yangu akatoka, akatuona tulivyokaa.

Walimkata kinyama kidogo, wakakipeleka kupimwa mbali, tukaambiwa tusubiri majibu wiki kadhaa. Tukasubiri hapo Ilembo. Siku ya tatu tulikuwa tunapukuchua mahindi nyuma ya nyumba, yeye amekaa upande upande juu ya mto kwa maumivu. Nikaona nikingoja kinyama kirudi nitakuwa mwongo juu ya ujinga. Nikamwambia yote: chanya ni nini, mgando ni nini, na robo saa.

Aliendelea kupukuchua. Gunzi moja, la pili.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba si maziwa. Tangu yule mama aliporudi na kidumu chake."

"Sasa mbona hukwenda?"

"Nilikwenda. Ile Ijumaa, asubuhi na mapema, nilifika mpaka barabarani. Gari la manesi nililiona kabisa, wanapakia vitu." Akapuliza makapi mkononi. "Nikawaza jioni utakavyonisimulia uani. Mtoto wa mwenye zizi anakimbiza gari kwa ajili ya maziwa. Uige na mwendo wangu. Nikarudi."

"Kwa hilo tu?"

"Unajua unavyosimulia, mayu. Mtu akiingia kwenye hadithi yako hatoki."

Mdogo wangu alitoka na chai akatukuta tumekaa, akaona nyuso, akarudi nayo ndani.

Siku mbili hakunisemesha. Anakula akipewa, anajibu wengine. Siku ya tatu akasema bila kunitazama, "Njoo unisugue mgongo." Nikamsugua. Ulikuwa umeshaanza kuwa mifupa, na mimi mgongo ule niliujua ukiwa na upana wa mlango. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Tulikuwa tumeshapita huko, tuko kwenye mafuta ya nazi na maji ya moto.

Majibu yakatoka, tukapewa barua ya kwenda Mwanza kwenye mionzi. Tulikaa kule wiki nyingi. Wanawake waliojaa wodi ile! Wengine wadogo kuliko yeye. Nilikuwa nawauliza, nyie mlipimwa? Wengi hawakuwahi kusikia. Wawili walipimwa wakapuuza. Aliyesomewa vibaya na mama yake sikumpata. Mionzi ilikausha damu, akanenepa kidogo mashavu, tukaanza kuongea habari za mavuno. Halafu mkojo ukaanza kumtoka wenyewe. Daktari wa kule akasema ugonjwa umeingia kwenye kibofu, akatupa dawa ya maumivu, akatwambia twende nyumbani akae na watoto wake.

Alikaa nao miezi mitatu. Alimfundisha wa kwanza kupika ugali usio na madonge, akiwa amelala, anaelekeza kwa kidole. "Geuza. Geuza, unaubembeleza nini!" Alikufa mchana, mvua zimeanza, nikiwa nimemshika miguu kwa sababu alisema ina baridi. Nilimwosha mwenyewe. Wakwe walitaka waoshe wao, niliwatazama tu, wakatoka.

Kwenye msiba niliwasikia. Wanawake wanaulizana mekoni, alikuwa anaumwa nini? Na wifi zake wanajibu, tumbo. Tumbo tu, la siku nyingi. Mmoja akasema amerogwa, akataja na nyumba. Nikamfuata shangazi wa mumewe, ndiye mkubwa wao, nikamwambia si tumbo. Akanivuta pembeni.

"Mkwe wangu, huko ni sehemu za siri. Utamvua nguo marehemu mbele za watu? Ana mabinti wa kuolewa."

Nilijiambia labda safari hii na mimi nimsikilize mtu.

Wakati wa kuzika, mzee wa kanisa akasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Akasoma alipozaliwa, alipobatizwa, alipoolewa. Ukimya ule ule ninaoujua. Akafika, "Marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo..."

"Si tumbo," nikasema.

Sikusimama, nilikuwa nimekaa chini karibu na jeneza. Lakini walisikia. Mzee akainua macho. Shangazi akanishika kanga begani, nikamwondoa mkono.

"Ni saratani ya mlango wa kizazi. Ilionekana mapema ikiwa bado si saratani, akaitwa kutibiwa, nikamzuia mimi. Mimi niliyemzaa. Kadi nilisoma, maana yake sikuijua, na sikukubali aulize. Andika hivyo."

Hakuna aliyelia. Watu walilia sana asubuhi, hapo hakuna. Mumewe alikuwa ametazama udongo uliochimbwa. Wanawake wawili watatu wa upande wao walinyanyuka wakaondoka, nikasikia kandambili zao mpaka barabarani. Nilifikiri nitajisikia nimetua mzigo. Sikutua kitu.

Mzee wa kanisa hakuwa na kalamu. Akajipapasa mifukoni, akakosa, akanitazama kama mtoto aliyepoteza mstari.

"Niendelee wapi, mama?"

"Wapi umebakiza?"

"Hapa kwenye watoto."

"Wasome watoto."

Akawasoma, jina na jina, kuanzia mkubwa. Walikuwa wamepangwa mstari mmoja kwenye mkeka, nguo safi, miguu imepakwa mafuta. Kila aliyetajwa aliinua uso. Wa mwisho, ambaye ndio kwanza ameanza shule, aliposikia jina lake akanyoosha mkono juu, akaitikia, "Nipo."